Selman Waksman: profesa wa udongo, dawa ya kifua kikuu, na jina la mwanafunzi wake

Wagonjwa wa kifua kikuu wa hapa Kongo, zaidi wale waliorudiwa na ugonjwa na kuanza dawa mara ya pili, wanaijua vizuri sindano ya streptomisini. Kwa miaka mingi mtu wa namna hiyo alipaswa kufika kwenye kituo cha afya kila siku, miezi 2 mizima, anadungwa na kurudi nyumbani. Wengine masikio yalianza kulia, wengine kizunguzungu. Lakini walipona. Tangu 2017 shirika la afya duniani, OMS, limeshauri kuacha mpango ule wa zamani, na sindano hiyo haionekani tena sana kama zamani.

Dawa hiyo ilitoka kwenye udongo wa shamba la Marekani, mwaka wa 1943. Aliyepewa heshima yake mbele ya dunia nzima ni profesa Selman Waksman, na mwaka wa 1952 alipokea tuzo ya Nobel akiwa peke yake. Aliyeipata kwa mikono yake ndani ya labo alikuwa mwanafunzi wa miaka 23, Albert Schatz. Kati ya hawa wawili kulikuwa kwanza mapendo kama ya baba na mtoto, kisha avoka, kisha tribinali. Katika vyuo vikuu vyetu, ambako kila mwaka maelfu ya vijana wanaandika TFC na memware chini ya profesa, habari hii haijazeeka hata kidogo.

Waksman hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa tarehe 22 Julai 1888 katika kijiji kidogo kinachoitwa Novaya Priluka, kwenye inchi inayoitwa leo Ukraine, wakati ule ikiwa chini ya mfalme wa Urusi. Jamaa yake walikuwa Wayahudi. Wakati ule na mahali pale, Myahudi kuingia kwenye masomo makubwa ilikuwa kazi ya kupanda mlima. Dada yake mdogo alikufa na ugonjwa wa koo unaoitwa difteria, angali mtoto. Mama yake alifariki mwaka wa 1909. Mwaka uliofuata kijana Selman akapanda meli kwenda Marekani.

Alifikia kwa ndugu waliokuwa na shamba dogo katika jimbo la New Jersey. Alilima, alilisha kuku, alijifunza mbolea na udongo. Karibu na shamba lile kulikuwa chuo kikuu cha Rutgers. Pale alikuwa profesa mmoja, Jacob Lipman, yeye pia Myahudi aliyetoka Urusi, mtaalamu wa vijidudu vya udongo. Waksman alikuwa na wazo la kusoma udaktari. Lipman alimwelekeza kwenye kilimo, akamfungulia mlango. Bila Lipman, pengine Waksman angebaki mfugaji wa kuku. Jambo hili lafaa kuwekwa akilini kabla ya kusoma yanayofuata: mtu huyu mwenyewe aliinuliwa na mwalimu.

Kazi yake ya mwanafunzi ilikuwa kuchimba mashimo kwenye shamba la chuo, kuchukua udongo wa kila kina, na kuhesabu vijidudu vilivyomo. Ndani yake aliona aina moja iliyokaa kati ya bakteria na kuvu, yenye nyuzi ndogo ndogo. Wataalamu wanaiita aktinomisete. Ndiyo inayoupa udongo ile harufu baada ya mvua ya kwanza. Hakuna aliyeijali sana wakati ule, maana haikuonekana kuwa na faida yoyote. Waksman aliipenda, na hakuiacha mpaka mwisho wa maisha. Alipata diplome yake mwaka wa 1915, akaenda California kuchukua doktora, akaimaliza mwaka wa 1918, kisha akarudi Rutgers na kubaki pale. Mwaka wa 1927 alitoa kitabu kinene juu ya vijidudu vya udongo, na wasomaji wa fani hiyo wakamjua kila mahali.

Wanafunzi walimfuata. Mmoja wao alikuwa Mfaransa René Dubos, aliyemaliza doktora yake pale mwaka wa 1927 kisha akahamia New York. Mwaka wa 1939 Dubos alipata kijidudu cha udongo chenye kutoa kitu kinachoua bakteria nyingine. Kitu chenyewe kilikuwa sumu mno, hakikuweza kuingizwa kwenye damu ya mtu, lakini kilimwamsha mwalimu wake. Kumbe mwanafunzi ndiye aliyemwonyesha profesa njia! Waksman alikuwa ametazama vijidudu hivyo zaidi ya miaka 20 bila kuvitafutia dawa. Sasa akageuza labo yake yote: kila mwanafunzi achukue udongo, aoteshe vijidudu, avijaribu kimoja kimoja, aone ni kipi kinachoua wenzake. Ni kazi ya kuchosha. Maelfu ya vijidudu wanapita mkononi, karibu vyote ni bure. Ni Waksman pia aliyelipa neno antibiotiki maana tunayolipa leo.

Mwaka wa 1940, pamoja na mwanafunzi Boyd Woodruff, walipata aktinomisini. Iliua bakteria, iliua pia wanyama wa majaribio. Mwaka wa 1942 walipata streptotrisini. Hii ilionekana nzuri, kisha ikagundulika kwamba inaharibu figo. Wakati huo vita vya pili vya dunia vilikuwa vinaendelea na penisilini ilikuwa inaanza kuokoa askari. Lakini penisilini haikuweza kitu mbele ya kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua alilazwa kitandani, akapewa hewa safi na chakula kizuri, akangojea. Wengi walingojea kifo.

Albert Schatz alizaliwa mwaka wa 1920, mtoto wa mkulima maskini wa Connecticut. Alisoma elimu ya udongo Rutgers ili arudi kuwa mkulima bora, ndiyo nia yake. Mwaka wa 1942 alianza doktora kwa Waksman, akaitwa jeshini, akapelekwa kwenye labo ya hospitali ya askari huko Florida. Aliona pale askari wanakufa na bakteria ambazo penisilini haizigusi. Mwezi wa Juni 1943 jeshi lilimrudisha sababu ya ugonjwa wa mgongo. Akarudi kwa Waksman, kwa mshahara wa dola 40 kwa mwezi. Hata kwa wakati ule zilikuwa franga kidogo sana. Alilala kwenye chumba kidogo cha nyumba ya mimea ya chuo, na kazi ilipozidi alilala ndani ya labo.

Schatz mwenyewe aliomba kutafuta dawa ya kifua kikuu. Waksman alikubali, lakini aliogopa mikrobe hiyo, na si kwa ubaya: wakati ule mtu wa labo aliweza kuambukizwa na kufa. Kwa hiyo kijana alipewa labo ya chini ya ardhi, mbali na wengine. Pale chini alifanya kazi karibu peke yake na mikrobe hai za kifua kikuu, bila vifaa vya kujikinga kama vya leo. Usiku, alipokuwa akichemsha maji ya dawa kwenye chupa, alichora mstari mwekundu kwenye chupa na kumwomba mlinzi wa usiku amwamshe maji yakishuka mpaka pale.

Katika daftari lake, jaribio lenye namba 11, la Agosti 1943, Schatz aliandika kwamba ameanza kutafuta aktinomisete zenye nguvu. Mwezi wa Oktoba alikuwa amepata mbili za rangi ya majivu na kijani. Moja ilitoka kwenye udongo wenye mbolea nyingi ya wanyama. Nyingine ilitoka kwenye koo la kuku. Hiyo ya kuku alipewa na mwanafunzi mwenzake Doris Jones, aliyekuwa anafanya kazi kwenye labo ya magonjwa ya kuku. Tarehe 19 Oktoba 1943 Schatz alifunga mbegu moja ndani ya kichupa, akijua amepata dawa mpya. Zote mbili zilikuwa Streptomyces griseus, na dawa ikaitwa streptomisini.

Mwezi wa Januari 1944 habari ilitoka katika gazeti la wataalamu. Majina yaliandikwa hivi: Schatz kwanza, Elizabeth Bugie wa pili, Waksman wa mwisho. Bugie naye alikuwa mwanafunzi, alisaidia kuthibitisha majaribio. Katika desturi ya sayansi, jina la kwanza ni la yule aliyefanya kazi kubwa, la mwisho ni la mkubwa wa labo. Waksman mwenyewe ndiye aliyekubali mpango huo wa majina. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Waksman tangu mwanzo alitaka kumfuta kijana. Kwenye karatasi ya kwanza alimtanguliza.

Kutoka pale mambo yalikwenda mbio. Waganga wawili wa Mayo Clinic, William Feldman na Corwin Hinshaw, walijaribu dawa kwa panya-buku wenye kifua kikuu, nao wakapona. Mwezi wa Novemba 1944 mgonjwa wa kwanza wao, msichana wa miaka 21, alianza sindano. Alikuwa anakaribia kufa, akapona. Kampani ya Merck ilikuwa na mapatano ya zamani na Waksman, ya kumsaidia na franga na kuchukua haki ya dawa zitakazopatikana. Waksman alipoona dawa hii ni ya kuokoa watu wengi, aliiomba Merck iachilie haki hiyo ili kampani nyingi zitengeneze na bei ishuke. Merck ilikubali. Hilo ni tendo zuri la Waksman, na mara nyingi linasahauliwa na wale wanaomlaumu.

Waingereza walifanya majaribio makubwa, majibu yake yakatoka mwaka wa 1948. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa kura: 55 walipewa streptomisini pamoja na kulala, 52 walilala tu. Baada ya miezi 6, kati ya wale waliopewa dawa walikuwa wamekufa 4. Kati ya wale wengine, 14. Ilionekana pia kwamba mikrobe inazoea dawa ikipewa peke yake. Ndiyo sababu mpaka leo mgonjwa wa kifua hapewi dawa moja tu, na muganga anakasirika mtu akiacha dawa katikati.

Sasa ugomvi. Mwaka wa 1945 waliomba breveti, yaani karatasi ya serikali inayosema uvumbuzi huu ni wa nani. Majina yalikuwa mawili, Waksman na Schatz, na wote wawili walikula kiapo kwamba walivumbua pamoja. Jina la Bugie halikuwekwa. Mwaka wa 1946 Schatz alitia saini karatasi ya kuachia chuo haki zake zote kwa dola 1. Aliamini kwamba Waksman naye amefanya vilevile, kwamba hakuna atakayekula faida, dawa iwe ya watu wote. Akamaliza masomo na kuondoka kutafuta kazi.

Huku nyuma, magazeti yalianza kuja Rutgers. Waandishi walitaka mtu mmoja wa kupiga picha, na profesa alikuwepo. Waksman alisafiri Ulaya, akapokelewa na wakubwa, akapewa medali. Kidogo kidogo jina la Schatz likaanza kupotea kwenye habari, na Waksman hakulirudisha. Alimtumia Schatz hundi 3 za dola 500, bila kueleza vizuri zinatoka wapi. Schatz akaanza kuuliza. Kumbe kulikuwa mapatano ya siri: chuo kilikuwa kinamlipa Waksman asilimia 20 ya faida ya breveti. Mpaka mwaka wa 1950 alikuwa amepata kama dola 350.000.

Mwezi wa Machi 1950 Schatz alipeleka mwalimu wake na chuo chake mbele ya tribinali. Katika ulimwengu wa profesa jambo hilo lilikuwa haya kubwa. Mwanafunzi hamshitaki mwalimu. Wengi wa wataalamu walisimama upande wa Waksman bila hata kusoma karatasi za kesi.

Waksman alijitetea hivi. Labo ni yake, mpango wa kutafuta ni wake, tangu 1939 wanafunzi wake wamepepeta vijidudu kwa maelfu. Streptomyces griseus aliifahamu tangu 1915, ijapokuwa mbegu ile ya zamani haikutoa dawa. Schatz alikaa kwenye jambo hili miezi michache tu. Kama si yeye, mwanafunzi mwingine angeipata. Pengine ni kweli. Lakini mwanafunzi mwingine hakuipata. Aliyeipata ni huyu, aliyeomba mwenyewe kazi ya kifua kikuu na kushuka chini ya ardhi na mikrobe ambayo wengine waliogopa, na mkubwa wake alikuwa amekula kiapo kwamba wamevumbua pamoja. Mtu hawezi kuapa mbele ya serikali kwamba kitu ni cha wawili, halafu mbele ya waandishi kikawa cha mmoja.

Mwisho wa Desemba 1950 walipatana bila kungoja hukumu. Schatz alitambuliwa kwa sheria kuwa mvumbuzi pamoja na Waksman. Alipewa dola 120.000 kwa ajili ya haki za inchi za nje, na asilimia 3 ya faida. Sehemu kubwa ya zile dola ilikwenda kwa avoka. Waksman alishushwa mpaka asilimia 10, na asilimia 7 iligawanywa kwa wafanyakazi na wanafunzi wengine wa labo. Bugie alipata kipande kidogo sana humo. Asilimia 80 ilibaki kwa chuo, nacho kikajenga taasisi kubwa ya vijidudu iliyofunguliwa mwaka wa 1954. Nusu ya sehemu yake, Waksman aliiweka katika mfuko wa kusaidia utafiti.

Hapo ungefikiri yameisha. Mwezi wa Oktoba 1952 Nobel ilitangazwa, jina lilikuwa moja tu. Chuo kidogo cha kilimo cha Pennsylvania, ambako Schatz alikuwa anafundisha, kiliandika Stockholm kuomba afikiriwe. Waliokaa kwenye kamati walikataa. Sheria ya Nobel inaruhusu mpaka watu 3 kushiriki tuzo, basi nafasi ilikuwepo. Mwaka wa 1954 Waksman alitoa kitabu cha maisha yake, na ndani yake mwanafunzi wa streptomisini hana jina. Hapo ndipo mtu anashindwa kumtetea. Franga zilikwisha kugawanywa, Nobel ilikuwa nyumbani kwake, kuandika jina moja kusingempunguzia kitu.

Schatz hakupata tena labo kubwa. Alibisha hodi kwenye vyuo vingi, milango ikafungwa. Nani atamchukua mtu aliyemshitaki profesa wake? Alikwenda kufundisha Chile mwanzoni mwa miaka ya 1960, akarudi, akafundisha Philadelphia mpaka uzee. Waksman aliendelea na kazi. Mwaka wa 1949, pamoja na mwanafunzi Hubert Lechevalier, alikuwa ametoa neomisini, ambayo mpaka leo inapatikana kwenye pomade za vidonda. Wanafunzi wake wengine walimkumbuka kama mwalimu mwenye kuwasukuma mbele na kuwatafutia kazi, na hakuna sababu ya kutowaamini. Alistaafu mwaka wa 1958. Alifariki tarehe 16 Agosti 1973, akiwa na miaka 85, na amezikwa Woods Hole, kando ya bahari.

Wazee waliohusika walipokwisha kuondoka, baadhi ya maprofesa wa Rutgers na mwandishi mmoja wa Uingereza walifungua tena karatasi za zamani. Walisoma madaftari, barua na maneno ya kesi. Mwaka wa 1994, dawa ilipotimiza miaka 50, chuo kilimwita Schatz na kumpa medali ya Rutgers, heshima kubwa ya chuo. Alikuwa na miaka 74. Waksman alikuwa kaburini tangu miaka 21. Ile labo ya chini ya ardhi imegeuzwa kuwa nyumba ndogo ya makumbusho. Schatz alifariki Philadelphia mwezi wa Januari 2005. Daftari lenye jaribio namba 11 limehifadhiwa kwenye maktaba ya chuo, na tarehe za mwaka wa 1943 zinasomeka bado kwa mwandiko wake.